Nilivyostaafu Kabla ya Kufika Hamsini

Barua ilisema sijastaafu. Ilisema nimeacha kazi.

Niliisoma nje ya posta, nimesimama juani, mara ya kwanza kwa haraka nikidhani imekosea mtu. Jina lilikuwa langu. Namba ya kazi ilikuwa yangu. Nikairudia polepole, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili. Kwa mujibu wa faili langu la mwanzo, siku nilipotoka kazini nilikuwa na miaka arobaini na saba. Kwa hiyo kuondoka kwangu si kustaafu mapema bali ni kujiuzulu, na mtu aliyejiuzulu kabla ya kutimiza hamsini hana pensheni wala kiinua mgongo. Mwishoni walinishukuru kwa utumishi wangu.

Nilikaa kwenye ngazi ya posta. Mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nilimjibu sijui, na kwa kweli sikujua.

Nieleze kwanza nilikuwa nani kabla ya hiyo barua. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa afisa wa mifugo wa serikali, upande wa Sigowet na vijiji vinavyoteremka kuelekea Soin. Watu huniita daktari. Mimi si daktari, na nilichoka kuwasahihisha zamani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kutoka maabara, yaani mkono wa kulia unashika mrija na mkono wa kushoto unaingia kwa ng'ombe kutoka nyuma hadi karibu na kwapa, ukipapasa njia. Ng'ombe hapendi. Anakaza, anasukuma, anahama upande mmoja na bega lako ndani yake. Fanya hivyo mara nne au tano kwa siku, uone bega la kushoto litakuwaje baada ya miaka ishirini na sita. La kwangu lilifika mahali ambapo asubuhi mke wangu alinivalisha koti, na mganga wa mifupa akaniambia nikiendelea nitalipoteza kabisa. Mwanamume mzima ananyoosha mkono avalishwe koti, na bado anadai yeye ndiye mkuu wa boma!

Kwa hiyo nilikuwa nangojea hamsini. Katika mpango wetu wa zamani wa pensheni, mtumishi wa umma akitimiza miaka hamsini anaruhusiwa kuomba kutoka mapema, na malipo yake yanaanza. Akitoka siku moja kabla, anatoka mikono mitupu. Hilo nililijua vizuri. Nilikuwa nikiwaonya vijana wa ofisi kuhusu jambo hilo hilo, kwa sauti ya mtu mwenye hekima.

Tatizo ni kwamba nilikuwa na miaka ya kuzaliwa miwili tofauti, na nilijua ninayo.

Wa kwanza ulikuwa kwenye kadi yangu ya ubatizo. Huo ndio ulionipeleka shule na chuo, na ndio nilioujaza kwenye fomu ya kuajiriwa. Wa pili ulikuwa kwenye kitambulisho, na unanifanya mkubwa kwa miaka mitatu. Nao tuliupata hivi. Tulitahiriwa saba, tukakaa pamoja katika menjo, kile kibanda cha vijana huko porini, hadi tukatoka wanaume. Kwetu Wakipsigis waliotoka menjo moja ni bakule, wa umri mmoja, na hilo halina mjadala. Siku ya kuchukua vitambulisho tulienda kwa chifu sote saba kwa mguu. Karani akamuuliza wa kwanza mwaka wake wa kuzaliwa, akautaja. Akamuuliza wa pili, akataja ule ule. Ilipofika zamu yangu karani hakuuliza tena. Ningefanyaje? Nijitokeze mbele ya bakule wangu nimwambie mtu wa serikali kwamba mimi bado ni mtoto kwa miaka mitatu? Ningekufa kwa aibu, na wangenicheka hadi leo. Nikanyamaza, nikabonyeza kidole kwenye wino.

Nikatembea na uongo huo mfukoni maisha yangu yote ya utu uzima. Haukunisumbua. Hakuna anayekuuliza umri wako ukiwa na mkono ndani ya ng'ombe.

Kisha bakule wangu walianza kufika hamsini. Mmoja alikuwa mwalimu, akaomba kutoka mapema, akalipwa, akajenga zizi la ng'ombe wa maziwa lenye sakafu ya saruji. Nilienda kulitazama. Nikarudi nyumbani na bega langu, nikatoa kitambulisho, nikakitazama muda mrefu. Nikajiambia: hiki nimepewa na serikali yenyewe, na serikali ndiyo inayouliza. Nikajaza fomu kwa mwaka wa kitambulisho, nikaambatisha nakala, nikaipeleka. Nikakubaliwa. Nikafanyiwa karamu na wakulima, mbuzi wawili na hotuba sita, nikapewa blanketi. Nilikuwa nyumbani wiki tisa, nikilala mchana bila haya, barua ilipofika.

Nilipomwonyesha mke wangu aliisoma, akaikunja, akainyoosha tena. Yeye ana kibanda cha nguo sokoni na si mtu wa kupiga kelele.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua nini?"

"Kwamba huko kwa faili uliandika ingine."

Nikasema nilikuwa nimesahau. Alienda kuondoa sufuria jikoni, na nilielewa kwamba angefurahi zaidi kama ningesema nilijaza fomu nikiwa nimelewa.

Ofisini nilipokelewa na afisa wa wafanyakazi, mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, wa zile familia zilizotoka upande wa Kati zamani na kufungua maduka kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimekuja na maneno yangu nimeyapanga. Akaniondolea ukali wote kwa kunivutia kiti. Akafungua nakala ya faili la mwanzo. Fomu ilikuwa mwandiko wangu mwenyewe, mzuri kuliko wa siku hizi, na nyuma yake kadi ya ubatizo.

"Mzee, sheria inaangalia tarehe uliyoandika ukiajiriwa mara ya kwanza," akasema. "Hiyo haibadilishwi ovyo. Watu wangekuwa wanajipunguzia miaka kila siku."

"Mimi nimejiongezea," nikasema.

Akacheka kidogo, kwa adabu. Akanieleza njia mbili. Ya kwanza: nilete mtu anayejua kuzaliwa kwangu, mzazi akiwa hai ndiye bora, atoe ushahidi wa kuapa kwamba mwaka wa kitambulisho ndio wa kweli. Ushahidi huo utapelekwa juu, na ukikubaliwa, kustaafu kwangu kutasimama na pensheni ianze. Ya pili: tukubali kwamba mwaka wa faili ndio sahihi na ruhusa ya kustaafu ilitolewa kimakosa. Hapo ile ruhusa inafutwa, ninarudi kazini mahali pangu, maana hapajajazwa, na ninangoja hamsini ya faili. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua.

Nilipotoka pale bega lilikuwa linaniuma kana kwamba limesikia. Miaka mitatu tena! Nilijua siwezi. Na nilijua mzazi wangu aliye hai ni mmoja.

Mama anaishi Sigor, kwenye boma la ndugu yangu mdogo. Ni mtu wa kanisa, wa ile sare ya kina mama na rozari mfukoni, na mimi nilikuwa naenda kumwomba aape uongo. Njia nzima nilitafuta maneno laini. Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, anapepeta wimbi, pumba zinaruka zikimwingia kwenye kitambaa cha kichwa. Nikamwamkia, nikanywa maziwa aliyonipa, nikazunguka maneno weee, hadi akaniambia niseme kilichonileta. Nikasema. Tulizungumza kwa Kikipsigis, nami naandika hapa kwa namna ninavyokumbuka.

"Nani amekwambia una miaka arobaini na saba?" akauliza.

"Kadi ya kanisa, Mama."

Akacheka. Alicheka hadi akaweka ungo chini.

"Kadi hiyo ni ya siku uliyotiwa maji. Ulienda mbele ya padri kwa miguu yako. Ulikuwa na meno yote, ulimuuma kidole!"

Akaendelea kana kwamba ananisimulia habari za jirani. Nilipozaliwa, kanisa lilikuwa mbali na mvua ilikuwa nyingi, kisha akapata mimba nyingine ikaharibika, na miaka ikapita. Siku ya ubatizo ilipofika kina mama walikuwa wengi, wamebeba vichanga. Katekista alikuwa na haraka na kalamu inayokatika wino, akawaandika wote mwaka ule ule. Mama hakujua kusoma. Alikuja kujua baadaye, jirani alipomsomea kadi. Wakati huo mwalimu mkuu alikuwa akiwakataa watoto wakubwa darasa la kwanza. Kadi ikasema nina sita. Nilikuwa na tisa.

"Ndiyo maana nilikuwa mrefu kuliko wote," nikasema.

"Nilikuwa nawaambia ni mwili tu. Ni maziwa."

Ni kweli alikuwa akiwaambia. Aliniambia hata mimi. Nilikaa dawati la nyuma miaka yote ya msingi nikiamini mimi ni mtoto mdogo mwenye bahati ya mwili. Kule menjo nilijisifu kimoyomoyo kwamba navumilia pamoja na watu walionizidi miaka mitatu. Hawakunizidi hata mwezi. Siku ile kwa chifu, nilipodhani nadanganya, nilisema kweli bila kujua. Na nilipojaza fomu ya kustaafu nikiona haya, nilikuwa mtu wa miaka hamsini anayeomba haki yake.

Sina namna nzuri ya kueleza nilivyojisikia. Nilijishika uso. Nilikuwa nimezeeka kwa miaka mitatu kati ya kikombe cha kwanza cha maziwa na cha pili. Nilikasirika pia, nisifiche, nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuniambia siku zote hizo.

"Nikuambie uharibu?" akasema. "Ulipopata kazi ya serikali nilipiga magoti nikashukuru. Wenzako watafukuzwa na uzee, wewe utabaki miaka mitatu unalipwa. Hiyo nilikupa mimi. Baba yako hakukupa kitu kama hicho. Mtu ananyamaza na kitu kama hicho."

Niliinuka nikaenda kusimama karibu na ng'ombe wa ndugu yangu. Hapo ndipo huwa naenda nikiwa na hasira. Nilipotulia niliona kwamba mambo yamekuwa mazuri ghafla. Sikuwa tena na haja ya kumwapisha mama uongo. Angeapa kweli tupu. Nikarudi nikamuuliza kama atakuja ofisini kulisema hilo. Akasema atakuja. Usiku huo nilimpigia simu mke wangu nikamwambia tumeokoka, na yeye akalia kidogo, naye si mtu wa kulia.

Alhamisi mama alikuja amevaa sare yake ya kanisa na viatu vyeusi vya Pasaka. Afisa alimwita shosho, kama kwao wanavyomwita bibi, akamshika mkono hadi kwenye kiti, akamwagizia chai. Akaanza kumweleza, nami nikawa natafsiri. Mama akaniinulia kiganja kuninyamazisha.

"Wacha. Mimi nasikia Kiswahili," akasema.

Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia mayai na kununua chumvi. Lakini alikitumia mbele ya yule afisa bila kuniangalia hata mara moja.

"Sasa wewe mtoto wangu, niambie. Kama ile kadi ya kanisa iko sawa, huyu atafanya nini?"

"Atarudi kazi, shosho. Miaka tatu ingine."

"Na mshahara?"

"Mshahara wake kama kawaida. Akimaliza hiyo tatu, ndio tunampatia pensheni, na itakuwa imeongezeka kidogo."

"Na kama ni ile ya kitambulisho?"

"Kama ni hiyo, na wakubwa wakubali, anapumzika sasa. Pensheni inaanza."

Mama akanywa chai. Alikunywa karibu yote, taratibu, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa. Nilikuwa nawaza nitamnunulia blanketi kama lile nililopewa.

"Mimi ndio nilizaa huyu," akasema. "Ile kadi ya kanisa ndio iko sawa. Aliandikwa vile alizaliwa."

Nilidhani amekosea maneno. Nikamwambia kwa Kikipsigis, Mama, umebadilisha, sema ile nyingine. Hakugeuka.

"Alibatizwa akiwa bado ananyonya," akamwambia afisa. "Hakuwa na jino hata moja."

Afisa alinitazama mimi, akamtazama yeye, akauliza tena kwa upole kama ana hakika, kwa sababu anaenda kuandika. Mama akasema ana hakika. Afisa akaandika, akamsomea, na mama yangu, mwenye rozari mfukoni, akatia kidole gumba kwenye wino na kukibonyeza kwenye karatasi bila kutetemeka. Mimi nimeona ng'ombe wakizaa ndama wenye vichwa viwili, nimeona watu wakichomana visu kwa sababu ya mpaka wa chai. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka pale.

Nilimtoa nje kwenye veranda. Simkumbuki mtu aliyepita, ila najua walikuwapo, kwa sababu niliinua sauti. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia kwamba juzi tu, kwa mdomo wake mwenyewe, alisema nilibatizwa nikiwa na meno yote. Nilimwonyesha bega, nikajaribu kuinua mkono wa kushoto mbele yake, ukaishia usawa wa kifua kama kawaida yake, nikamwuliza anataka niuvunje kabisa ndipo aridhike.

Alingoja nimalize. Kisha akasema, kwa lugha yetu, bila hasira:

"Baba yako walimpumzisha mapema. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Baba alikuwa mpimaji wa majani ya chai kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho, maisha yake yote kando ya mizani. Waliwaita watu wa umri wake, wakawapa kilichokuwa chao, wakawaambia waende nyumbani wapumzike. Nilikuwa nimeajiriwa mwaka wa pili, mbali, nakuja mwisho wa mwezi. Nilipokuja kila mara nilimkuta amekaa mahali pale pale, anapendeza, amenyoa. Nilidhani anapumzika. Alikufa hata mwaka haujaisha, na tukasema ni presha.

"Wewe ulikuwa unakuja na sukari, unaenda," akasema mama. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimwona. Alikuwa anaamka saa kumi na moja, anavaa buti, anakaa kitandani na buti. Kila siku. Miezi minane. Halafu nimesikia kwa mke wako kwamba siku hizi unalala mchana."

Sikujua mke wangu amemwambia. Alikuwa amemwambia kama utani.

"Bega litauma," akasema. "Najua linauma. Mimi nina miaka mingapi tena? Niachie hiyo mitatu ya kukuona unatoka asubuhi. Nikishaenda, pumzika utakavyo."

Mdomo wake ulikuwa unatetemeka sasa, ule ambao haukutetemeka ndani. Aliupangusa kwa ncha ya kitambaa chake.

Afisa alifungua mlango, akaniita ndani peke yangu. Ilionekana amesikia mengi, maana kuta zile ni za mbao. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba ushahidi wa mzazi una uzito lakini si wa mwisho. Kama ninajua watu wengine wanaofahamu umri wangu, watu wazima waliokua nami, wanaweza kuapa kinyume chake. Ijumaa bado ni kesho. Atanipa fomu za kutosha.

Bakule wangu sita wote wako hai. Namba zao zilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mkononi. Wangekuja kesho asubuhi na mapema, hata yule wa Bomet mjini, wangejaza ile ofisi, wangeapa mmoja baada ya mwingine, na wote wangekuwa wanasema kweli.

Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona mama amesimama kwenye veranda, amenipa mgongo, anakunja kitambaa chake mara mbili, mara nne, anakikunjua tena.

Nikamwambia afisa sina shahidi mwingine, nikaomba ile fomu ya kurudi kazini, nikaijaza kwa mwaka wa kadi ya kanisa, nikatia sahihi.